Namna ya Kulinganisha Usanifu wa Tovuti za Kampuni za Kuunda Boti

Mwenye karakana ya boti anapotaka kutengenezewa tovuti, aghalabu msanifu humwomba kwanza amtajie tovuti tatu au nne za kampuni nyingine anazozipenda, ili zitumike kama mfano. Ombi hilo lina faida, lakini likitekelezwa bila utaratibu huishia kwenye mazungumzo ya rangi na video, kwa sababu karibu kila tovuti ya boti hupendeza machoni: bahari ya buluu, chombo cheupe, jua la alasiri. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzilinganisha tovuti hizo kwa kipimo kimoja, nacho ni kiasi ambacho kila moja inamwezesha mtu aliye mbali na karakana kuamua kama chombo kinachouzwa kinamfaa. Umeandikwa kwa ajili ya wenye karakana za Pwani na za maziwa makuu pamoja na wasanifu wanaofanya nao kazi, ingawa mnunuzi wa boti naye anaweza kuutumia ili kujua ni kampuni ipi inayosema mambo yake waziwazi.

Nasisitiza kipimo hicho kwa sababu ya hali ya bidhaa yenyewe. Boti ni mali ya fedha nyingi, hubeba roho za watu, na mara nyingi mnunuzi hawezi kuiona kabla ya kutoa malipo ya kwanza, kwa kuwa huwa bado haijaundwa. Anachokuwa nacho mkononi ni maneno, picha na tarakimu alizozikuta kwenye simu yake.

Anza na maswali ya mnunuzi

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika mnunuzi wako ni nani na anataka kujua nini. Tuchukue mfano wa kikundi cha wavuvi wa Kilwa Masoko wanaotafuta boti ya faiba ya kubebea nyavu, barafu, samaki na mabaharia wanane. Watauliza urefu na upana wa chombo. Mzigo kinaoweza kubeba kwa usalama, ukijumlisha watu, mafuta na barafu. Injini ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoruhusiwa kufungwa. Kina ambacho chombo kinahitaji ili kipite juu ya fungu wakati maji yamekupwa. Na kama chombo kikijaa maji kitazama au kitaendelea kuelea. Baada ya hapo watauliza bei, muda wa kuundwa, namna ya kufikishwa Kilwa, na fundi wa kumwendea endapo faiba itapasuka. Maswali yasiyozidi kumi yanatosha, na ni bora yaandikwe kwa maneno ambayo mnunuzi mwenyewe angeyatumia akiwa amesimama mbele yako.

Mwenye hoteli ya Nungwi anayetaka boti ya kuwapeleka wageni kuzamia ana orodha tofauti kabisa. Yeye anauliza habari za viti, kivuli, ngazi ya kupandia kutoka majini, mahali pa kufunga mitungi ya hewa na hesabu ya maboya ya kuokolea. Tovuti inayomjibu vizuri mwenye hoteli inaweza kumwacha mvuvi bila jibu hata moja, na hiyo ndiyo sababu ulinganisho usiotaja mnunuzi huzaa mabishano yasiyokwisha kati ya watu wanaofikiria wanunuzi tofauti.

Chagua tovuti zinazolinganishika

Kampuni za kuunda vyombo hazifanyi biashara kwa namna moja, na tovuti zao hufuata biashara zao. Beneteau ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1884 huko Croix-de-Vie kwa kuunda mashua za wavuvi, leo ina aina nyingi za vyombo vya tanga na vya injini, navyo huuzwa kupitia mawakala walioenea duniani. Kwa hiyo kazi kubwa ya tovuti yake ni kumwongoza mgeni kati ya aina hizo na kumkabidhi kwa wakala aliye karibu naye. Damen ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1927, huunda matishari ya kuvuta meli, boti za doria na vivuko kwa ajili ya bandari na serikali, na msomaji wake huwa mhandisi au kamati ya manunuzi inayotaka michoro na vipimo. Hallberg-Rassy ya Ellös nchini Uswidi ina aina chache tu za mashua za tanga za kuvukia bahari kuu, na mteja wake yuko tayari kusoma kurasa ndefu kuhusu chombo kimoja.

Gulf Craft ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyoanzishwa mwaka 1982, inafaa kuchunguzwa kwa makini na msomaji wa Pwani, kwani kampuni hiyohiyo huunda boti za kifahari za Majesty, mojawapo ikiwa Majesty 175 yenye urefu wa metre 54, na pia boti za SilverCat zinazotumika kwa uvuvi na kazi nyingine. Karakana zetu nyingi zina hali inayofanana na hiyo kwa kiwango kidogo: leo fundi anaunda boti ya wavuvi, mwezi ujao anaunda boti ya watalii. Tazama jinsi wateja wa aina hizo mbili wanavyotenganishwa, na kama mvuvi anaweza kuifikia boti yake bila kulazimika kupita kwenye kumbi za matajiri.

Weka kando miradi ambayo boti kwake ni njia ya kufikia lengo jingine. Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 2019, lina simulizi yenye nguvu, na tovuti yake huisimulia kwa mwanahabari, mfadhili na mwalimu. Ukiilinganisha na ya kampuni inayouza boti kwa kigezo cha jedwali la vipimo, utaionea. Ichukulie kama funzo la jinsi ya kuwaonyesha mafundi na kazi ya mikono yao, jambo ambalo kampuni kubwa mara nyingi hulisahau.

Tovuti tano hadi saba zinatosha. Angalau mbili ziwe za kampuni zenye chombo na mteja wa aina yako, moja iwe ya mbali kabisa kwa ajili ya kujifunza, na usimwache nje mshindani wako wa karibu hata kama hana tovuti bali ana ukurasa wa Facebook au Instagram pamoja na namba ya WhatsApp. Mnunuzi wako atakulinganisha na huyo kabla ya kukulinganisha na Damen.

Weka masharti yaleyale kwa kila tovuti

Tumia simu ileile, laini ileile na kivinjari kilekile, ukifungua dirisha la faragha ili kumbukumbu za ziara zako za nyuma zisiharakishe ukurasa mmoja na kuuacha mwingine. Zifungue zote katika kikao kimoja, kwa maana mtandao wa saa nne asubuhi na wa saa mbili usiku si mmoja. Simu itangulie, kompyuta ifuate, kwa sababu mteja wa Pwani atakufikia kwa simu, na tovuti iliyosanifiwa kwa ajili ya skrini pana huweza kuficha kwenye simu mambo ambayo kwenye kompyuta yanaonekana mara moja.

Kisha jipe kazi moja inayotokana na yale maswali. Kwa mfano wetu wa Kilwa, kazi ni hii: kuanzia ukurasa wa mwanzo, tafuta boti inayobeba watu wanane pamoja na tani moja ya mzigo, na utaje injini kubwa kabisa inayoruhusiwa. Andika muda uliotumika, mara ngapi ulibofya, mahali ulipokwama, na kama ulipata jibu au ulikata tamaa. Usitumie mtambo wa kutafuta wa Google kuruka hadi kwenye ukurasa wa ndani. Unapima njia aliyoitengeneza msanifu, na njia hiyo huanzia mlangoni.

Mpe mtu wa pili kazi hiyohiyo bila kumwonyesha majibu yako, na akiwa mvuvi au nahodha itakuwa bora zaidi, kwani anajua jina la kitu anachokitafuta lakini hajui mahali wasanifu wanapozoea kukiweka. Piga picha za skrini na uzihifadhi zikiwa na tarehe. Tovuti hubadilishwa mara kwa mara, na hoja isiyo na picha huwa ngumu kutetewa miezi sita baadaye. Ukitaka kujua kampuni ilivyokuwa ikijieleza zamani, fungua Wayback Machine ya Internet Archive, huduma ya kuhifadhi nakala za zamani za tovuti iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, uone ni mambo gani waliyaondoa na yapi wameyabakiza katika kila sura mpya. Jambo lililodumu kwenye tovuti moja kwa miaka mingi huenda lina kazi yake.

Skrini ya kwanza na majina ya menyu

Hapa hapahitaji muda mrefu. Soma kile kinachoonekana kwenye simu kabla hujasogeza ukurasa, kisha uandike kwa sentensi moja kampuni inaunda nini, wapi, na kwa ajili ya nani. Ukishindwa kuiandika, skrini hiyo imetumika kwa ajili ya hisia tu. Video inayojicheza yenyewe ni kasoro kubwa zaidi kwa mtu anayenunua bando la siku kuliko kwa mtu wa Stockholm, nami huihesabu hivyo.

Kwenye menyu, chunguza jinsi vyombo vilivyopangwa na vilivyopewa majina. Damen huyapa vyombo vyake majina yenye tarakimu zinazobeba vipimo: Stan Tug 1606 ni tishari lenye urefu wa takriban metre 16 na upana wa takriban metre 6, na Stan Patrol 4207 ni boti ya doria ya takriban metre 42 kwa 7. Boston Whaler ya Marekani hutumia futi, hivyo 170 Montauk ni boti ya futi 17. Mtu anayeifahamu lugha hiyo husoma orodha nzima bila kufungua hata ukurasa mmoja. Asiyeifahamu huona namba tu. Andika katika ulinganisho wako kama tovuti inaeleza maana ya majina yake, au kama inaweka urefu na idadi ya watu kando ya kila jina. Karakana inayoziita boti zake kwa majina ya fahari peke yake inamlazimisha mteja afungue kurasa zote ili ajue ipi ni kubwa.

Ukurasa wa chombo: hapa tumia muda wako mwingi

Kila tovuti ina ukurasa wa chombo kimoja, na huo ndio unaobeba biashara. Chagua kwenye kila tovuti chombo kimoja kilicho karibu na mfano wako, kisha ukisome kwa utaratibu, ukianza na urefu.

Urefu huonekana jambo rahisi, lakini sivyo. Oceanis 46.1 ya Beneteau ni mfano mzuri. Jina linamfanya msomaji afikirie futi 46, yaani karibu metre 14. Vipimo vya kampuni vinataja urefu wa jumla wa metre 14.60 na urefu wa bodi, yaani mwili wa chombo peke yake, wa metre 13.65. Chombo ni kimoja, na tofauti ya sentimita 95 kati ya tarakimu hizo mbili inatokana na vilivyochomoza mbele na nyuma kuhesabiwa katika urefu mmoja na kuachwa katika mwingine. Gati linalotoza kwa urefu linaweza kuuhesabu ule wa jumla, ilhali nafasi ya kukaa watu inategemea zaidi ule wa bodi. Tovuti iliyosanifiwa vizuri inaziandika tarakimu zote mbili, kila moja na jina lake. Tovuti inayoandika neno «urefu» na tarakimu moja peke yake haifai kulinganishwa na nyingine hadi utakapojua tarakimu hiyo imepimwa kutoka wapi hadi wapi. Katika jedwali lako, acha nafasi hiyo wazi badala ya kukisia.

Uzito una mtego unaofanana na huo. Baadhi ya kurasa hutaja uzito wa boti tupu bila injini, mafuta wala betri, na nyingine hutaja uzito wa boti ikiwa tayari kusafiri. Injini ya nje ya farasi 40 peke yake inaweza kuzidi kilo 70, na tangi la lita 100 za petroli linaongeza kilo nyingine zaidi ya 70, kwa hiyo mtu anayepanga kuivuta boti ufukoni kwa mikono au kuibeba kwa lori anahitaji kujua anasoma uzito upi. Mwendo nao uwe na maelezo: umepatikana kwa injini gani, watu wangapi wakiwa ndani, na mafuta kiasi gani. Mwendo mkubwa ulioandikwa bila maelezo hayo hauna thamani katika ulinganisho.

Kisha tafuta uwezo na usalama. Katika Umoja wa Ulaya, vyombo vya starehe vyenye urefu wa bodi kati ya metre 2.5 na 24 huongozwa na Agizo la 2013/53, linalovigawa katika madaraja manne. Daraja A ni la chombo kinachoweza kukabili upepo unaozidi kipimo cha 8 cha Beaufort (ngazi za kupimia nguvu ya upepo) na mawimbi yanayozidi metre 4. B ni la upepo usiozidi kipimo cha 8 na mawimbi yasiyozidi metre 4. C ni la upepo usiozidi kipimo cha 6 na mawimbi yasiyozidi metre 2. Na D ni la maji tulivu, upepo usiozidi kipimo cha 4 na mawimbi ya kawaida yasiyozidi metre 0.3. Agizo hilo linataka kibao cha muundaji kilichobandikwa kwenye chombo kionyeshe daraja, idadi ya juu ya watu na mzigo wa juu unaopendekezwa, na mzigo huo hauhesabu vilivyomo ndani ya matangi ya kudumu yakiwa yamejaa. Marekani nayo inataka boti nyingi za injini zenye urefu wa chini ya futi 20 ziwe na kibao kinachotaja watu na uzito, na kwa zile za injini ya nje, nguvu ya juu ya injini.

Kwa hiyo kampuni inayouza katika masoko hayo tayari inazo tarakimu hizo, zimeshapigwa chapa na kubandikwa karibu na usukani. Zisipokuwepo kwenye ukurasa wa chombo, hilo ni kosa la usanifu lisilo na udhuru, na katika alama zangu lina uzito kuliko kosa lolote la rangi au maandishi. Angalia pia kama daraja limeelezwa kwa maneno ya kawaida. Herufi B peke yake haimwambii chochote nahodha wa Mafia ambaye hajawahi kuliona agizo la Ulaya, lakini sentensi moja inayotaja kipimo cha upepo na urefu wa mawimbi inamwambia jambo analolijua kila siku ya kusi.

Mwisho katika ukurasa huu, tazama michoro. Mchoro wa juu na wa ubavuni wenye vipimo humwonyesha mnunuzi mahali pa kuweka sanduku la barafu na umbali kati ya viti, mambo ambayo picha ya boti ikikata mawimbi haiwezi kuyaonyesha. Jaribu kuukuza mchoro kwenye simu: ukififia hadi tarakimu zisisomeke, uhesabu kuwa haupo. Iwapo vipimo vimefungwa ndani ya faili la PDF, pima ukubwa wa faili hilo na uone kama maandishi yake yanasomeka kwenye skrini ya simu, kwa sababu vijitabu vingi viliandaliwa kwa ajili ya kuchapwa.

Picha zinazojibu swali

Mwaka 1961 jarida la Life la Marekani lilichapisha picha za Dick Fisher, mwanzilishi wa Boston Whaler, akiwa ameketi ndani ya boti yake huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno majini, kisha akaondoka na nusu yenye injini. Boti hizo zilikuwa na povu gumu lililojazwa kati ya kuta mbili za faiba, na picha hizo zilimweleza mtazamaji kwa mara moja jambo ambalo lingehitaji aya tatu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, kampuni bado inajieleza kwa sifa hiyo ya kutozama.

Tumia tukio hilo kama kigezo cha picha. Pitia kila picha kwenye ukurasa wa chombo na ujiulize inajibu swali lipi kati ya yale uliyoyaandika mwanzoni. Picha ya sitaha iliyo tupu, iliyopigwa kutoka juu, inajibu swali la nafasi. Picha ya karibu ya kiungo cha tezi (nyuma ya chombo) pale injini inapofungwa inaonyesha unene na ufundi. Picha ya chombo kikiwa kimepakiwa, watu wanane na mzigo ndani, ikionyesha maji yamefika wapi ubavuni, ina thamani kubwa kwa mvuvi, nayo ni adimu mno. Picha ya chombo kilekile katika mandhari tano tofauti haijibu kitu. Hesabu aina mbili: zinazojibu na zisizojibu, na uandike uwiano wake.

Kwa karakana ya mbao, kama zile za Matondoni huko Lamu, utajiri wa picha uko katika kazi yenyewe: mkuku (uti wa chombo) ukiwa umelazwa, mataruma (mbavu zake) yakisimamishwa moja baada ya jingine, kalafati (pamba ya kuzibia) ikigongwa kati ya mbao. Mnunuzi anayejua vyombo atatambua mbao iliyochaguliwa vizuri na kiungo kilichokaa sawasawa, na kampuni kubwa ya kiwandani haiwezi kumshinda fundi huyo kwenye uwanja huo.

Bei, mawasiliano na huduma baada ya kununua

Kampuni nyingi haziandiki bei, na zina sababu, kwani injini na vifaa hubadilisha jumla kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo kuna njia za kumsaidia mteja. Boston Whaler ina sehemu ya kumwezesha mgeni kuchagua chombo, injini na vifaa na kuona makadirio. Kampuni nyingine hutaja bei ya kuanzia. Nyingine huorodhesha tu vilivyomo katika chombo cha kawaida na vinavyolipiwa zaidi. Hatua hiyo ya tatu haihitaji programu ya gharama, na karakana yoyote inaweza kuifuata kesho.

Jaribu fomu ya mawasiliano hadi mwisho, kwa swali la kweli. Utakuta fomu zinazolazimisha jimbo la Marekani au namba ya posta, na nyingine zinazokataa namba ya simu inayoanza na +255 au +254, na hapo mteja wa Pwani amefungiwa mlango bila aliyeufunga kujua. Andika kama umepata ujumbe wa kuthibitisha kwamba swali limepokewa, na jibu limechukua siku ngapi. Kwa karakana ya hapa kwetu, kitufe cha WhatsApp kinachofungua mazungumzo yenye jina la chombo tayari limeandikwa kina faida kuliko fomu ndefu, mradi kuwe na mtu wa kujibu.

Huduma baada ya kununua husahauliwa na wengi wanaolinganisha. Hallberg-Rassy ina kurasa za mashua zake za zamani ambazo haziundwi tena, zikiwa na maelezo na michoro yake. Kwa mtazamo wa haraka kurasa hizo hazimwuzii mtu kitu, lakini mnunuzi wa chombo kipya anazisoma na kufahamu kwamba hata chombo chake kitakapokuwa cha zamani hakitatupwa. Karakana iliyounda boti kwa muda mrefu inaweza kufanya hivyo kwa orodha rahisi: mwaka, urefu, kazi ya chombo, na picha moja ya sasa kikiwa bado majini.

Uzito wa ukurasa na usomekaji

Picha moja kutoka kwenye kamera nzuri inaweza kuwa na MB 5. Ukurasa wenye picha kumi na mbili za namna hiyo zisizopunguzwa una MB 60, na kwa mtandao wa megabiti moja kwa sekunde utachukua dakika nane kukamilika. Ingiza anwani ya kila tovuti katika PageSpeed Insights ya Google, zana ya bure ya kupima kasi ya kurasa, na uandike matokeo ya simu. Google huhesabu kuwa vizuri kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kikionekana ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa ukiitikia mguso ndani ya milisekunde 200. Upime ukurasa wa chombo, maana ukurasa wa mwanzo mara nyingi ndio uliopambwa na kupunguzwa uzito ilhali wa ndani umeachwa.

Usomekaji upimwe juani. Maandishi meupe juu ya picha ya povu la bahari hupotea kabisa kwenye simu iliyoshikwa ufukoni saa saba mchana. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1, na toleo la 2.2 la Oktoba 2023 linataka vitufe visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Vidole vyenye chumvi na mafuta ya injini vinahitaji vikubwa zaidi ya hapo.

Ikiwa tovuti ina lugha zaidi ya moja, fungua ukurasa wa chombo kilekile katika kila lugha na uhakikishe jedwali la vipimo halijapungua. Angalia pia vizio: mafundi wetu huhesabu futi, wahandisi huhesabu metre, na tovuti inayoweka zote mbili inawahudumia wote.

Jedwali na uamuzi

Weka matokeo kwenye jedwali moja, tovuti zikiwa juu na maswali ya mnunuzi yakiwa kando. Katika kila chumba andika «lipo», «lipo lakini limefichika» au «halipo», na maneno machache ya ushahidi, kama vile «mzigo wa juu umetajwa ndani ya PDF tu, ukurasa wa 14». Nakushauri usijumlishe alama. Jumla huifanya tovuti yenye video nzuri na menyu nadhifu iizidi ile iliyotaja mzigo na idadi ya watu, ilhali kwa mvuvi wa Kilwa hakuna uzuri unaoweza kufidia kukosekana kwa tarakimu hizo. Panga maswali kwa uzito wake kwanza, na tovuti iliyoshindwa maswali matatu ya juu iwekwe nyuma hata kama imeshinda yote yaliyobaki.

Baada ya hapo mwandikie msanifu wako maagizo yanayotaja jambo moja moja la kuchukua na mahali lilipotoka: majina yanayobeba vipimo kama ya Damen, orodha ya vyombo vya zamani kama ya Hallberg-Rassy, urefu wa aina mbili kama ule wa Oceanis 46.1, picha za mafundi kazini, kitufe cha WhatsApp kwenye kila chombo. Ambatanisha picha za skrini. Tovuti yako ikikamilika, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mpe nahodha asiyeifahamu karakana yako simu ya kawaida yenye bando la kawaida, umwambie atafute boti ya watu wanane na tani moja, nawe ukae kando bila kumsaidia, ukiandika kila mahali anapokwama ili msanifu aparekebishe.